Mwanangu, mapinduzi ya Marekani yalimfikia nani?

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma nikaona hili halijibiki kwa simu, nikuandikie tu. Umeuliza kama yale mapinduzi ya 1776 yalibadilisha kweli maisha ya watu wa kawaida huko Marekani au ilikuwa ugomvi wa matajiri na mfalme wa Uingereza kuhusu kodi, maana mwalimu wenu anasema yalibadilisha na mwenzako mmoja mbishi darasani anasema hayakubadilisha kitu. Mimi nimefundisha historia miaka mingi na ninavyoona yalibadilisha, ila wakubwa wenyewe hawakupanga. Yalibadilisha pale ambapo mtu ambaye hakuhesabiwa alisikia maneno yao akasema haya yananihusu na mimi.

Soma habari za huyu mama aliyeitwa Bett. Alikuwa mtumwa nyumbani kwa John Ashley, tajiri wa mji wa Sheffield, jimbo la Massachusetts, na ndani ya nyumba hiyo hiyo mwaka 1773 wanaume walikaa wakaandika tamko kwamba binadamu kwa asili yao ni sawa na wako huru. Yaani wanaandika hayo huku anayewatumikia humo ndani ni mtu waliyemnunua! Siku moja mke wa Ashley alitaka kumpiga msichana mdogo wa pale ndani kwa koleo la jikoni lililotoka motoni, Bett akaweka mkono wake katikati, ukaungua akabaki na kovu maisha yake yote. Na hakulificha. Mtu akimuuliza Betty mkono umefanya nini, anamjibu muulize bibi, na bibi mwenyewe, huyo mke wa Ashley, yupo pale pale anasikia.

Basi 1780 Massachusetts wakapata katiba mpya inayosema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Bett hakujua kusoma wala kuandika lakini masikio alikuwa nayo, akaenda kwa wakili Theodore Sedgwick, ambaye naye alikuwepo kwenye lile tamko la 1773, akamuuliza kama hiyo sheria haimpi na yeye uhuru. Kesi ikasikilizwa Great Barrington mwaka 1781, yeye na mtumwa mwenzake Brom, wakashinda, Ashley akaamriwa awalipe shilingi 30. Akakata rufaa halafu akaiacha. Bett akajiita Elizabeth Freeman, akafanya kazi ya mshahara kwa kina Sedgwick, baadaye akanunua nyumba yake mwenyewe. Kesi hiyo na zile za Quock Walker, mtumwa mwingine aliyedai uhuru, za 1781 mpaka 1783 ndizo zilizoung'oa utumwa Massachusetts, sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja pale.

Sasa cha kukuonyesha wakubwa walikuwa hawajafika huko: hiyo katiba sehemu kubwa aliiandika John Adams, mmoja wa viongozi wa mapinduzi. Ndiyo huyo huyo ambaye mkewe Abigail alimwandikia tarehe 31 Machi 1776 akamwambia kwenye hizo sheria mpya mtakazotunga wakumbukeni wanawake, msiwape waume madaraka yasiyo na mipaka, na mume akamjibu kwamba hawezi kujizuia kucheka. Mimi hilo jibu linaniuma mpaka leo, maana wanawake walikuwa wamebeba mabegani ile migomo ya kutonunua bidhaa za Waingereza, wameacha chai ya Waingereza, wamesokota nyuzi na kufuma nguo nyumbani ili wasinunue za London, halafu mwanamke akiolewa mali yake na mshahara wake vinabaki kuwa vya mume kama zamani, hakuna kilichoguswa.

Mahali pengine mlango ulifunguka halafu ukafungwa, na hapa mwenzako anayebisha ana hoja. New Jersey katiba yao ya 1776 iliruhusu wakazi wenye mali ya pauni 50 kupiga kura bila kutaja jinsia wala rangi, kwa hiyo wajane na wanawake wasioolewa wenye mali walipiga kura kweli, na watu weusi huru pia, mpaka 1807 bunge likasema ni wanaume weupe peke yao. Pennsylvania nao 1780 walitunga sheria ya kumaliza utumwa polepole, polepole kweli, mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya hapo alitumikia mpaka afike miaka 28. Sheria hiyo ilimruhusu mtumwa wa mgeni kudai uhuru akikaa pale miezi sita, sasa George Washington akiwa rais anaishi Philadelphia, humo humo Pennsylvania, akawa anawatoa watumwa wake nje ya jimbo kabla miezi haijatimia ili hesabu ianze upya. Mmoja wao aliyeitwa Ona Judge, msichana aliyekuwa akimhudumia mke wa rais, aliondoka 1796 wakati wenyewe wanakula chakula cha jioni, akapanda meli mpaka New Hampshire na hawakufanikiwa kumrudisha.

Kwa hiyo kwenye insha yako usiandike mapinduzi yaliwapa uhuru. Andika nani alidai, alidai kwa maneno gani, na alijibiwa nini. Nyumba ya Ashley bado ipo Sheffield, na tangu 2022 Elizabeth Freeman ana sanamu yake mjini hapo, ukipata nauli nenda na huyo mwenzako mbishi. Baba anakusalimia, nitumie hiyo insha ukimaliza niisome kabla hujaipeleka.

Mama