Hamali au Hutu?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba ulizaliwa tarehe 5 Aprili, kwamba magazeti hukupa buruji (nyota ya kuzaliwa) ya Hamali, yaani Kondoo, lakini mnajimu wa Kihindi amekuandikia Hutu, yaani Samaki. Hakuna aliyekosea hesabu. Unajimu wa Magharibi huanzisha Hamali pale Jua linapovuka ikweta ya mbingu (mstari wa kuwaziwa angani, juu ya ikweta ya dunia), karibu na tarehe 21 Machi, bila kujali nyota zilizo nyuma yake. Ule wa Kihindi hupima kutoka kwenye nyota zenyewe, na kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kusimama, vipimo hivyo viwili huachana kwa digrii 1 kila miaka 72 hivi. Leo tofauti imefika takriban digrii 24, ndiyo maana kwa Wahindi Jua huingia Hamali karibu na tarehe 14 Aprili. (Aliyezaliwa tarehe 16 Aprili hana mgogoro huu, kwani ni Hamali kotekote.)

Nakushauri ushike mfumo mmoja, usichukue buruji ya Kihindi ukaitafutia maelezo gazetini. Mimi binafsi naiamini hesabu hii ya anga kuliko tabia wanazotubandika wanajimu.