"Hayakugundulika" si "hayamo"

Msomaji wa Tabata ameniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Majibu ya maabara kuhusu udongo wa bustani yetu yanasema 'mabaki ya viuatilifu'. Mwenzangu anashikilia ni 'masalia'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Nyote mko sahihi. "Baki" tumelipata kwa Waarabu. "Salia" latokana na kusaa, lile lile la kula na kusaza. Wanamaabara wamezoea mabaki, basi na yabaki.

Linalonikera mimi liko mstari wa chini yake. Maabara huandika "hayakugundulika", na karatasi kabla haijafika mtaani imeshageuka "hayamo". Muuza mchicha anabandika tangazo: "Udongo wetu hauna viuatilifu, maabara imethibitisha." Haikuthibitisha! "Hauna" ni habari ya udongo. "Hayakugundulika" ni habari ya mtafutaji: alitafuta nini, kwa njia gani, akakomea wapi.

Tazama kazi yenyewe. Mtaalamu hupima gramu chache za udongo, mara nyingi 10, akautikisa pamoja na asetonitrili, kimiminika cha kuyeyushia, ili mabaki yaachie, akatia chumvi kuyatenga maji, akasafisha. Kisha hupitisha kwenye kromatografia, kila kemikali itoke kwa wakati wake, na spektrometa ya tungamo iitambue. Kila njia ina kikomo. Kikiwa miligramu 0.01 kwa kilo, kilicho chini ya hapo hupenya kama unga kwenye chekeche. Tena njia hiyo haiikamati glaifosati, dawa ya kuua magugu, ambayo huambatana mno na maji na hutakiwa kupimwa kivyake. Sasa huyu muuza mchicha, akiwa amepimiwa DDT peke yake, dawa moja tu ya kuua wadudu, neno "viuatilifu" kalitoa wapi? Hata DDT yenyewe huvunjika polepole ikawa DDE; asiyeitafuta DDE atatangaza kwamba pamesafika. Kule Vikuge, Kibaha, iliporundikwa shehena ya viuatilifu miaka ya 1980, watafiti waliikuta DDT udongoni miaka mingi baadaye.

Andika hivi: "DDT haikugundulika, kikomo cha kipimo ni miligramu 0.01 kwa kilo." Ndiyo, ni ndefu. Atakayeila hiyo mboga anastahili urefu huo. Kwenye gumzo la sokoni sitamkaba mtu koo. Kwenye tangazo, cheti au gazeti, "hauna" ni uongo, na kila ukipita mezani kwangu naukata.