Nimezaliwa Desemba: nivae feruzi, zirkoni au tanzanaiti?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Tanga, na nimezaliwa Desemba. Mchumba wangu, ambaye ni wa Agosti, anataka pete yangu ya uchumba iwe na jiwe la mwezi wangu. Tumepita kwa wauzaji watatu na kila mmoja katuambia lake: wa kwanza feruzi, wa pili zirkoni, wa tatu tanzanaiti. Huyu wa tatu akaongeza kwamba Wamasai waliivaa tanzanaiti tangu enzi za mababu ili kuleta uzazi. Mama mkwe mtarajiwa naye anasema jiwe lisilo la mwezi wako lina nuksi, na kwamba jiwe lililopitishwa motoni limekwisha nguvu. Nivae lipi? Na nitajuaje kama si kioo?

Jibu: Marahaba dada, na hongera sana kwa uchumba.

Mawe yote matatu uliyotajiwa ni ya Desemba kweli, kwa hiyo hapo hakuna aliyekudanganya. Tofauti yao imetokana na jinsi orodha yenyewe ilivyojengwa. Mzizi wake ni kifuko cha kifuani cha kuhani Haruni, kilichoelezwa katika Kutoka sura ya 28: mawe kumi na mawili, yakiwemo akiki, zumaridi na yaspi, kila moja kwa kabila moja la Israeli. Katika karne ya kwanza mwanahistoria Josephus akayahusisha mawe hayo na miezi kumi na miwili ya mwaka. Hata hivyo ilichukua karne nyingi kabla ya watu kuanza kuvaa jiwe moja tu, la mwezi waliozaliwa. Desturi hiyo ilishika Poland katika karne ya 18. Orodha tunayoitumia madukani leo ni changa zaidi. Wauza vito wa Marekani walikutana Kansas City mwaka 1912 wakaipanga, na wakati huo Desemba ilipewa feruzi na lazuli, jiwe la buluu iliyokoza. Mwaka 1952 ikarekebishwa, lazuli ikatolewa, zirkoni ikaingia. Mwaka 2002 tanzanaiti ikaongezwa. Na mchumba wako asijione ameachwa nyuma: mwaka 2016 Agosti nayo iliongezewa kito kiitwacho spineli.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu nuksi, nitakujibu kwa upande wa jiwe tu, mambo ya imani nakuachia wewe na wazee wako. Binti aliyezaliwa Desemba mwaka 1951 alikuwa wa lazuli. Mwaka uliofuata wauzaji wakabadilisha orodha. Sioni jinsi balaa linavyoweza kufuata mkutano wa wafanyabiashara. Mweleze mama kwa upole, maana nia yake ni kukulinda, na kumwonyesha orodha ilivyobadilika kunasaidia kuliko kubishana naye.

Maana za mawe ni jambo ninalolipenda, na ndiyo sababu linaniuma linapochakachuliwa dukani. Feruzi ina historia ndefu kweli. Wamisri wa kale waliichimba Sinai, Waajemi waliitoa Nishapur, na kote huko ilivaliwa kama kinga. Wapanda farasi waliifunga hata kwenye hatamu ili wasianguke. Ukinunua feruzi kwa sababu ya kinga na safari njema, unashika mkia wa desturi ya maelfu ya miaka.

Tanzanaiti haina kitu kama hicho, na muuzaji aliyekupa habari za mababu alikuwa anauza maneno. Jiwe hili lilijulikana mwaka 1967, pale Mirerani, wilayani Simanjiro. Jumanne Ngoma ndiye aliyetambuliwa na Serikali kuwa mgunduzi wake, na mwaka 2018 Rais Magufuli alimkabidhi shilingi milioni 100. Mwanzoni watu walidhani ni yakuti samawi. Uchunguzi ulionyesha ni aina ya madini yaitwayo zoisiti, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina la nchi yetu. Hiyo ndiyo asili yake yote katika mapambo. Kwangu inatosha kabisa: hadi leo haichimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani ila katika vilima vile vya Mirerani. Mtanzania anayevaa jiwe lisilopatikana kwingine ana maana tayari mkononi, haihitaji kutungiwa hadithi ya uzazi.

Sasa huo moto. Sehemu kubwa ya tanzanaiti hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia yenye umanjano. Ukishika kipande kibichi ukakigeuza juani, upande mmoja unaona buluu, ukikizungusha unaona zambarau, ukikizungusha tena unaona kahawia au wekundu uliofifia. Jiwe ni lilelile. Fuwele yake humeza mwanga tofauti kwa kila mwelekeo. Mchomaji huliweka kwenye tanuri, akapandisha joto polepole hadi kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, kisha akaliacha lipoe polepole vilevile. Joto hubadilisha hali ya vanadi, metali iliyomo ndani kwa kiasi kidogo, ule ukahawia hutoweka, na buluu na zambarau hubaki. Hakuna kinachoongezwa. Rangi hairudi nyuma, hata baada ya miaka. Karibu kila tanzanaiti ya buluu unayoiona dukani imepita huko, kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba yake haijachomwa na kwa sababu hiyo akakupandishia bei, mwambie akupe cheti cha maabara. Zirkoni ya buluu nayo huchomwa, na yakuti nyingi pia. Kama moto ungeua nguvu ya jiwe, maduka mengi yangekuwa yamejaa maiti.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi katika barua yako ni neno *pete*. Pete ya uchumba huvaliwa kila siku, huku unafua, unapika, unashika mlango wa daladala. Kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini huanzia 1 na kuishia 10, almasi ikiwa juu kabisa. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi, madini ya mchanga, na ugumu wa kwazi ni 7. Maana yake, ukiifuta pete yenye vumbi kwa kitambaa kikavu unaikwaruza wewe mwenyewe, na baada ya miaka michache kingo za mikato, yaani nyuso ndogo zilizochongwa kwenye jiwe, zinalika na jiwe linapoteza mng'ao. Isitoshe, tanzanaiti ina mpasuko kamili katika mwelekeo mmoja: ikigongwa vibaya hupasuka bapa, kama gogo lililopigwa shoka kufuata nyuzi zake. Feruzi ni laini zaidi, 5 hadi 6, tena ina vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta, jasho na manukato hadi buluu igeuke kijani. Nyingi madukani imeshindiliwa gundi ya plastiki, au ni jiwe jeupe la bei rahisi lililotiwa rangi. Zirkoni inafika 7.5 lakini kingo zake humeguka haraka. Na hapo uwe macho: zirkoni ni madini ya asili, wakati zirkonia ni kitu cha kiwandani cha bei ndogo sana. Wauzaji wengine huyachanganya makusudi.

Ningekuwa mimi, tanzanaiti ningeiweka kwenye hereni au kidani, mahali isipogongwa, na pete ya kila siku ningeitia yakuti samawi ya Umba au Tunduru. Ugumu wake ni 9, rangi zake za buluu zinakaa vizuri pembeni ya tanzanaiti, na Umba iko mkoani kwenu. Lakini kama moyo wako uko kwenye pete ya tanzanaiti, na naona uko huko, inawezekana. Mwambie sonara asiinyanyue jiwe juu kwa vikucha vinne. Alizungushie dhahabu pande zote na alilaze chini, ili kingo zake zifichwe. Uivue unapofanya kazi za mikono. Uioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mwororo. Mashine za kusafishia kwa mtetemo, zile unazoziona kwa masonara, usikubali kabisa iingizwe humo, wala mvuke wa moto.

Mchumba wako yeye ana bahati. Spineli ina ugumu wa 8, haina mpasuko wa kuogopa, kwa kawaida haichomwi, na nyekundu yenye uwaridi ya Mahenge, Morogoro, ni miongoni mwa spineli zinazotafutwa sana duniani. Pete ya mwanamume ya kila siku haipati jiwe bora zaidi katika mawe ya Agosti.

Kuhusu kioo: chukua jiwe lililo huru, kabla halijafungwa kwenye pete, na uligeuze polepole mbele ya dirisha. Tanzanaiti itahama kutoka buluu kwenda zambarau kadiri unavyoligeuza. Kioo kitabaki na rangi moja pande zote, na mara nyingi ukiangalia ndani yake kwa lenzi ya kukuza mara 10 utaona vipovu vya mviringo. Kuna bandia ngumu zaidi kugundua, forsteriti ya kiwandani, ambayo nayo hubadili rangi kidogo. Hapo tumia lenzi ileile: tazama kupitia uso wa juu hadi kwenye kingo za mikato ya nyuma. Kwenye forsteriti kingo hizo huonekana mbilimbili, mstari na kivuli chake. Kwenye tanzanaiti huonekana mstari mmoja. Ukibaki na shaka, mtaalamu mwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, atalimaliza kwa dakika chache: tanzanaiti husoma karibu 1.69 hadi 1.70, forsteriti husoma chini ya hapo. Nunua kwa mwenye leseni, na risiti iandikwe jina la jiwe, uzito wake kwa karati, na kwamba limechomwa.

Jambo la mwisho, nalo limeharibu mawe mengi mazuri. Pete ikikubana au ikilegea na ukaipeleka kurekebishwa, hakikisha sonara anatoa jiwe kwanza ndipo awashe gesi. Moto wa tanuri hupanda taratibu, ule wa kulehemu hupiga sehemu moja kwa ghafla, na tanzanaiti haiuvumilii.