Nikiwasha flashi taa za puto zinapotea, nikizima sura inakuwa nyeusi

SWALI: Shikamoo kaka. Napiga picha hapa Unguja, na sikukuu ya Idi usiku huwa niko Mnazi Mmoja. Watoto wengi hushika yale maputo ya plastiki angavu yenye waya wa taa ndani, wengine fimbo za kung'aa. Nikiwasha flashi, sura inatoka safi lakini taa zinaonekana kama zimezimwa. Nikiizima, taa zinapendeza ila mtoto ni kivuli. Halafu picha nyingine, hasa nikitumia shata ya kimya ili watoto wasishtuke, zina mistari myeusi iliyolala. Nina lenzi ya 50mm f/1.8 na flashi moja. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kosa lako ni kuiachia kamera iamue yenyewe. Hapo una mwanga wa aina mbili, na kila mmoja unarekebishwa mahali pake.

Flashi hulipuka na kuzimika kwa muda mfupi mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Taa za puto zinawaka muda wote. Kwa hiyo ukiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, mwanga wa puto unazidi kuingia, lakini wa flashi hauongezeki hata chembe, kwa kuwa ulishakwisha. Ukiwa kwenye automatiki, kamera ikijua flashi ipo inaweza kuchagua shata ya 1/200 ya sekunde. Muda huo unautosha uso, lakini taa ndogo za betri hazipati nafasi ya kujionyesha.

Basi anza na puto, si na mtoto. Zima flashi, weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), anza na tundu la lenzi f/2.8, ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/60. Piga, kisha kuza picha kwenye kioo uangalie taa zenyewe. Unataka uone kila kitaa na rangi yake. Zikiwa madoa meupe, punguza ISO. Zikiwa hafifu, teremka mpaka 1/30. Angalia pia histogramu ya rangi tatu, yaani chati ya kiasi cha mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, maana taa ya buluu au nyekundu huwahi kujaa rangi yake wakati histogramu ya jumla bado inakuonyesha kwamba kila kitu ni salama. Uso utakuwa mweusi. Uache hivyo.

Sasa washa flashi, nayo uiweke kwenye M, si TTL (ambapo flashi hujipimia nguvu yenyewe), na uanze na nguvu ya chini kabisa. Flashi nyingi hushuka hadi 1/128 ya nguvu yake. Mnazi Mmoja ni uwanja wa wazi, hakuna dari ya kurudisha mwanga, kwa hiyo itoe juu ya kamera. Mpe mwenzako aishike kando, nyuma ya mwavuli mweupe, kama mita moja na nusu kutoka kwa mtoto. Uso ukibaki na giza, panda hadi 1/64. Shata usiiguse tena, hiyo ni ya puto.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: flashi ikilipiga puto lenyewe, plastiki inang'aa na kuzimeza taa zote, hata kama vipimo vyako ni sahihi. Mtoto alishike puto upande ule usio na flashi, na mwavuli uugeuze kidogo, ukingo tu wa mwanga wake ndio umguse shavuni.

Wakati mwingine hata flashi huihitaji. Puto likisogea kutoka sentimita 60 hadi 30 karibu na uso, mwanga unaomfikia unakuwa mara nne. Nakumbuka binti mmoja mwenye mtandio wa vipuli vidogo vya kumetameta, puto lake lilikuwa kifuani na sura imefifia. Nilimwomba alinyanyue mpaka usawa wa jicho, mbele kidogo ya shavu. Taa zikaingia machoni mwake kama shanga, na hina ya vidoleni ikasomeka. Puto likikaa chini ya kidevu, mwanga unapanda puani na macho yanabaki mashimo. Mtoto mzuri anaonekana wa kutisha.

Fimbo za kung'aa za buluu au kijani usizitegemee kwa uso. Ngozi yetu hurudisha nyekundu na njano vizuri kuliko buluu, kwa hiyo chini ya buluu tupu uso unakuwa mzito na wenye mabaka. Ziache ziwe pambo, uso uupe flashi. Na kwa kuwa zile taa za njano za puto huwa karibu na 3000K na flashi ni kama 5500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni ya njano zaidi), funika flashi kwa karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa inayouzwa kwa kazi hiyo, kisha weka mizani ya rangi kwenye 3200K. Bila hivyo uso utaonekana umepoa pembeni ya puto lenye joto. Piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata.

Mistari inatokana na taa zenyewe. Taa nyingi za LED huwaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoona, na shata ya kimya husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa imezimika. Rudi kwenye shata ya kawaida, ukae 1/60 au polepole zaidi. Taa za umeme wa ukutani, ambao kwetu ni 50Hz, zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa hizo tumia 1/50 au 1/100.

Ukiweza, wahi mara tu baada ya Magharibi. Mbingu hubaki na buluu kwa dakika 20 hivi, na picha inapata mandhari badala ya giza tupu. Na mzazi aombwe kwanza, kila mara.

Kabla ya sikukuu, fanya zoezi moja nyumbani. Zima taa za chumba, mkalishe mdogo wako na puto, flashi usiibadilishe, kisha piga 1/15, 1/30, 1/60 na 1/125. Ziweke picha nne pamoja: uso utakuwa karibu uleule katika zote, puto ndilo litakalokuwa linafifia.