Louis wa 14: "mfalme kamili" au "mfalme dikteta"?

Swali: Natafsiri sura ya kitabu cha historia cha sekondari kuhusu Louis wa XIV wa Ufaransa. Nimemwita "mfalme kamili". Mhariri anataka "mfalme dikteta". Lipi sahihi? Pia kuna "Bunge la Paris" lililokuwa likivutana na mfalme. Lilikuwa bunge la namna gani?

Jibu: Yaache yote mawili. "Kamili" ikimfuata mfalme inamsifu mtu, kana kwamba wafalme wengine ni nusunusu. Kilichokamilika ni mamlaka, basi andika *mfalme mwenye mamlaka kamili*. Mfumo wenyewe ni *ufalme wa mamlaka kamili*, ukilinganishwa na *ufalme wa kikatiba*.

"Dikteta" inapotosha historia. Louis hakunyakua madaraka. Aliyarithi mwaka 1643 akiwa na miaka 4, mama yake Anne akatawala kwa niaba yake, na mwenyewe akashika hatamu mwaka 1661 alipofariki Kardinali Mazarin, waziri wake mkuu. Wala usijaribu "mfalme asiye na sheria". Kanuni za urithi zilimfunga: binti hakuweza kurithi kiti cha enzi, hata baba yake angependa vipi. Denmark waliliandika jambo hili waziwazi. Sheria ya Mfalme ya 1665 ilimpa Frederik wa Tatu mamlaka yote, na papo hapo ikamkataza kuugawa ufalme au kuiacha imani ya Kilutheri.

Kwenye "Bunge la Paris" hapo ndipo pa kuwa macho zaidi. *Parlement* ya Paris ilikuwa mahakama. Waliokaa humo walikuwa majaji, wengi wao wakiwa wamenunua nafasi zao au kuzirithi. Hakuna aliyewapigia kura. Nguvu yao ilikuwa kwenye daftari: amri ya mfalme ilisajiliwa kwao kwanza ndipo itumike, nao waliweza kuichelewesha kwa kumwandikia mfalme pingamizi. Mwaka 1673 Louis akawageuzia utaratibu: wasajili kwanza, pingamizi baadaye. Ukiandika "bunge", mvutano huo wote haueleweki, maana bunge hutunga sheria, halisajili za mwingine. Andika *Mahakama Kuu ya Paris*. Usiseme "ya Ufaransa", kwa sababu Toulouse, Bordeaux na miji mingine ilikuwa na zake. Chombo kilichokaribiana kidogo na bunge ni *Mkutano wa Matabaka Matatu*, yaani makasisi, makabaila na watu wa kawaida, nao haukukutana hata mara moja kati ya 1615 na 1789.

Mwisho, "Louis wa XIV" ina "wa" mbili: XIV yenyewe husomwa "wa Kumi na Nne". Chagua *Louis XIV* au *Louis wa 14*, ushike njia moja kitabu kizima. Kwa namba ndogo maneno yanapendeza zaidi: Frederik wa Tatu, Catherine wa Pili. Ila Carl XI wa Sweden ni *wa Kumi na Moja*. "Wa Kumi na Kwanza", ambayo huonekana mara mojamoja kwenye miswada, si Kiswahili.