Wito useme ninachotakiwa kufanya

Mmeuliza wiki hii: mahakama zifanye nini ili asiye na wakili aielewe kesi yake? Mimi ningeanza na karatasi ya wito, ile inayokuita mahakamani.

Niliwahi kushtakiwa kwa deni nililokwisha kulilipa. Wito ulisema shauri "litatajwa" saa tatu asubuhi. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda na mashahidi wawili na stakabadhi kwenye bahasha. Tumekaa kwenye benchi hadi saa sita. Jina langu lilipoitwa, hakimu akauliza kama nimewasilisha majibu ya maandishi. Nikamwambia majibu ninayo, anisikilize tu. Akapanga tarehe nyingine. Hata dakika mbili hazikuisha. Ndipo nikajua kwamba kutajwa si kusikilizwa, na kwamba siku zangu za kujibu zilikuwa zikihesabiwa tangu niliposaini kupokea wito.

Sentensi tatu juu ya ile karatasi zingeniokoa: "Siku hii hutatoa ushahidi. Leta majibu ya maandishi kabla ya tarehe hii. Usipoleta, unaweza kushindwa bila kusikilizwa."

Wapo watakaosema lugha ya sheria ukiirahisisha unaipotosha. Uingereza na Wales, kanuni mpya za kesi za madai zilipoanza mwaka 1999, ziliacha maneno kadhaa ya Kilatini na Kifaransa cha kale, na kesi zikaendelea kuamuliwa. Nchini Marekani, mwaka 2011, Mahakama ya Juu iliamua rufaa ya baba aliyefungwa kwa kutolipa matunzo ya mtoto. Haikusema ni lazima angepewa wakili. Ilisema angalau angeelezwa kuwa suala kuu ni kama ana uwezo wa kulipa, na apewe fomu ya kulieleza hilo. Mimi nisingeomba zaidi ya hapo.

Kisha kuna dirisha la karani. Nilipomuuliza nijaze fomu gani, alinijibu, "Siruhusiwi kukushauri." Namwelewa, hatakiwi kuegemea upande. Lakini kunitajia fomu na siku ya mwisho ya kuirudisha ni ushauri gani? Ushauri ni kuniambia niandike nini ndani yake.

Tarehe ya kusikilizwa ilipofika, shahidi mmoja hakuja. Alisema siku ya kwanza alikatwa mshahara kwa kukaa bure kwenye benchi, hawezi kurudia.