Grini ya gofu juu ya paa: slabu kwanza, mpira baadaye

Wiki hii maswali mengi yamehusu nyasi bandia za gofu juu ya ghorofa, yaani ile grini fupi ya kusukumia mpira shimoni. Tumeanza na lile linaloweza kubomoa nyumba.

Nina paa la slabu Nairobi, mita 8 kwa 5. Fundi anataka amwage kokoto sentimeta 10 na kuzishindilia, kama alivyofanya kwenye bustani ya jirani. Nimkubalie?

Usimkubalie. Kokoto zilizoshindiliwa unene huo zina kilo 180 hadi 200 kwa mita ya mraba, na kwa paa lako hiyo ni tani 7 hadi 8. Slabu nyingi za paa linalotembelewa husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa mita ya mraba juu ya uzito wa slabu yenyewe, na lile la mafundi wa matengenezo tu hubeba pungufu ya hapo. Kokoto zingemaliza nafasi yote kabla hata mtu hajapanda.

Juu ya paa, kokoto hubadilishwa na mbao za foamu ngumu aina ya XPS. Sentimeta 5 za foamu hazifiki kilo 2 kwa mita ya mraba. Ongeza nyasi kilo 2 au 3 na mchanga wa kumwagia katikati ya nyasi kilo 10, jumla haizidi kilo 15, sawa na kilo 600 kwa paa zima. Hata hivyo mwite mhandisi aangalie michoro, hasa kama tangi la maji liko hapo hapo: lita 1,000 ni tani moja.

Na siku ya kazi, mifuko 16 ya mchanga ya kilo 25 isirundikwe kwenye kona moja. Itawanye kandokando, juu ya kuta au boriti. Mara nyingi uzito wa hatari ni ule wa siku ya kupakua, wala si wa grini yenyewe.

Paa halijawahi kuvuja. Bado nahitaji kuliziba upya?

Lipime kwanza. Ziba matundu ya kutolea maji, jaza maji kina cha sentimeta 2 hadi 3, acha saa 24, kisha kagua dari ya chini. (Sentimeta 1 ya maji ni kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo usilifanye bwawa.) Ufa ukionekana leo, kuuziba ni kazi ndogo. Ukijulikana baada ya nyasi kugundishwa, utang'oa kila kitu.

Safu zipangwe hivi kutoka chini: slabu, kizuia maji, kitambaa cha jiotekstaili (kile kinachopitisha maji), mkeka wa plastiki wenye mifereji ya maji, foamu, kitambaa kingine, nyasi. Kile kitambaa cha kwanza wengi hukiruka, nacho ndicho kinachozuia kingo za plastiki kutoboa kizuia maji. Kama kizuia maji chako ni cha PVC, kitambaa ni lazima, kwa sababu PVC ikigusana na foamu hiyo kwa muda mrefu hukakamaa na kupasuka. Mbao za foamu zipangwe kama matofali, viungo visikutane, na zitobolewe matundu ya milimita 10 kila sentimeta 30. Hakuna msumari wala skrubu inayoingia kwenye slabu. Juu ya kila tundu la kutolea maji acha kipande cha sentimeta 40 kwa 40 kinachoweza kuinuliwa, maana majani na mchanga vitaziba tu siku moja.

Mteremko wa paa usiufute. Mteremko wa 1 kwa 80 ni sentimeta 10 katika mita 8, na huo ndio unaoupindisha mpira kidogo na kuufanya mchezo uwe mchezo.

Shimo rasmi lina kina gani, na nitalipata wapi kwenye foamu ya sentimeta 5?

Kipenyo ni milimita 108, kina angalau milimita 101.6. Kwa sentimeta 5 utapata shimo fupi, lakini mpira una kipenyo cha milimita 42.67, hivyo unatosha kutulia ndani. Kata foamu kwa msumeno wa kutobolea matundu ya duara kabla ya kutandika nyasi, toboa tundu la maji chini ya kikombe kinachokaa shimoni, na ukingo wake ukae milimita 3 hivi chini ya ncha za nyasi. Ukizidi kimo hata kidogo, mpira utaruka pembeni.

Ukitaka kina kamili, foamu ya sentimeta 10 si nzito, ila inainua sakafu. Uzio wa mita 1.1 unabaki chini ya mita moja, na huenda kizingiti cha mlango kikawa chini ya grini, mvua ikaingia sebuleni. Pima kutoka juu ya nyasi, si kutoka kwenye slabu.

Tuko Mombasa. Mchanga wa ufukweni unafaa?

Hapana. Una chumvi inayovuta unyevu na vipande vya makombe; utagandamana. Tumia mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa, punje za milimita 0.3 hadi 0.8, mwaga kidogo kidogo huku ukipiga brashi.

Nyasi zetu zimefanya mawimbi mchana, asubuhi zinatulia. Kwa nini?

Joto. Plastiki hutanuka: mkeka wa nyasi wa mita 5 ukipanda joto nyuzi 30 hurefuka milimita 15 hadi 18, ukikosa pa kwenda unainuka. Acha nafasi ya milimita 20 kando ya ukuta, uifunike kwa vigae vya zege vya sentimeta 40 kwa 40 kwa 4. Kila kimoja kina kilo 15 hivi, na hivyo vitazuia pia upepo usiinue kingo. Kama wimbi liko mahali pamoja tu na nyasi zimekunjamana kama zimeungua, tazama kioo cha jengo la jirani. Mwanga unaoakisiwa huyeyusha nyasi bandia.

Naweza kupiga mipira ya juu kidogo?

Kwenye ghorofa, hapana. Mpira wa gramu 45 ukianguka kutoka mita 15 unafika chini kwa kasi ya mita 17 kwa sekunde. Sukuma tu, na weka ukingo wa sentimeta 10 kuzunguka.